Kilio Juu ya Boneti

Haya nilisimuliwa na Zuura mwenyewe, msimu wa baridi uliopita, tukiwa jikoni kwangu tunakata tambi za harusi ya mjukuu wangu. Zuura ni binti wa marehemu Mambet, aliyekuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa. Alikuwa anasimulia huku anakata, na kila alipofika pahala pa kuudhi kisu kilikwenda mbio, hata nikamwambia, "Polepole mwanangu, tambi hazijakukosea." Akacheka, lakini kisu hakikupunguza mwendo.

Mambo yenyewe ni ya zamani kidogo, enzi zile simu ya kijiji ilikuwa moja tu, ya posta, nayo ilikuwa bubu.

Zuura ameolewa Ak-Tash, ng'ambo ya mlima, kwa Kubat mwana wa Toktosun. Kutoka kwao hadi kwetu ni mwendo wa nusu siku kwa gari zima, ukipita juu kwenye mlango wa mlima wa Kyzyl-Bel. Kwa gari zima, nimesema. La Kubat lilikuwa Niva nyeupe, na weupe wenyewe ulikuwa umebaki sehemu za juu.

Mambet alipofariki, theluji ilikuwa bado haijaisha mlimani. Habari ilimfikia binti yake siku ileile kwa dereva wa lori, na kwetu maiti ya mtu mzima husubiri, watoto wafike. Tulimsubiri Zuura. Kubat akasema kesho, leo kuna barafu. Kesho yake akasema petroli haijapatikana. Walipotoka hatimaye, wako katikati ya mlima, springi ya mbele kushoto ikakatika pande mbili, gari likapiga goti barabarani. Zuura alikaa kando ya theluji mpaka lori la makaa likawabeba. Alipofika kwetu, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wanakung'uta udongo kwenye viatu.

Zuura ni binti pekee wa Mambet. Na kwetu binti ndiye anayemlilia baba yake kwa maneno. Hukaa ndani na wanawake, uso ameuelekeza ukutani, akatunga na kuimba, na kila anayeingia husikia marehemu alikuwa mtu gani. Mjane hulia kimjane, majirani tunalia kijirani, lakini maneno ya binti hayana mbadala. Mambet aliondoka nyumbani kwake bila maneno hayo. Nilikuwepo, najua ukimya ule ulivyokuwa. Zuura alipoingia hakutoa hata neno, alitoa mlio kama ndama, na asubuhi yake mumewe akamrudisha kwa lori lilelile kwa sababu ng'ombe walikuwa wanazaa.

Mama yake akamwambia mlangoni, "Utamlilia arobaini."

Upande wetu huu arobaini ndiyo mwisho. Baada ya arobaini, anayetaka kulia analia na mto wake.

Kubat akaapa mbele ya wazee, mkono kifuani. "Arobaini nitamleta mapema, na gari litakuwa jipya."

Basi. Springi ikawa inatafutwa. Kisha ikawa imeonekana, ila mwenye nayo kasafiri. Kisha ikaja, imetolewa kwenye gari lililopinduka huko Naryn, ikawekwa chini ya benchi la jikoni, na kuku mmoja akaanza kutagia ndani yake. Zuura alikuwa akiokota yai kila asubuhi na kuitazama springi. Toktosun, baba mkwe wake, alisema haraka haina baraka. Kubat akasema kazi yenyewe ni ya asubuhi moja.

Asubuhi hiyo moja ikaja kuwa siku ya mwisho kabisa, ile ya kuamkia arobaini. Na ndiyo siku ambayo Ak-Tash nzima ilihama kupanda malishoni. Alfajiri kondoo walijaa barabara, mbwa wakibweka, wanawake juu ya farasi na mabegi. Jua lilipochomoza vizuri, kijiji kilikuwa hakina hata mtu wa kumwazima kiberiti. Farasi wa nyumbani kwao pia walikwenda na shemeji. Walibaki wanne uani, pamoja na kondoo wa arobaini amefungwa kwenye kigingi: Zuura, Kubat, mzee Toktosun, na mama mkwe, Uulkan.

Zuura alikuwa ameshakaanga maandazi magunia mawili, ameshavaa gauni jeusi, ameshafunga kitambaa. Akasimama mbele ya gari. Gurudumu la kushoto halipo. Gari limewekwa juu ya gogo. Ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu unaning'inia chini kama taya la maiti lisilofungwa, na miguu ya Kubat imetokeza upande wa pili.

"Imefikia wapi?" akauliza.

"Iko karibu."

"Karibu na wapi?"

"Zuura, usinisemeshe, nimeshika kitu kizito."

"Hata mimi."

Toktosun alikuwa kwenye kigoda, kofia yake nyeupe kichwani, akitazama kazi kama anatazama mashindano. Baba mkwe kwetu hasemi sana na mkamwana uso kwa uso, akiwa na la kusema hulipitisha kwa mtu.

"Mwambie mkeo," akasema, "gari si nyama, kwamba ukikoleza moto litaiva."

"Mwambie baba," akajibu Zuura, macho chini, "hata nyama ya ngamia ingekuwa imeiva tangu baba yangu azikwe."

"Zuura!" akanong'ona Uulkan kutoka mlangoni, unga hadi viwikoni.

Shida ilikuwa springi yenyewe. Ilikuwa ndefu kuliko ile iliyokatika kwa upana wa kiganja, na ngumu kama shingo ya ngamia dume. Lazima ifinywe kwanza ndipo ikae baina ya mwili wa gari na ule mkono wa chini, kisha mkono upandishwe mpaka kifundo chake, chenye msumari mnene kichwani, kiingie kwenye tundu la kitako cha gurudumu na kufungwa nati. Mafundi wa mjini wana chombo cha kufinyia. Kubat hakuwa nacho.

"Chombo cha nini?" akasema Toktosun, akainuka. "Kuna kamba yangu."

Akaleta kamba yake ya farasi, ya singa za mkia, ambayo babu yake aliisokota kwa mikono yake. "Hii imeshika madume ambayo hayajawahi kupandwa na mtu. Itashindwa na kipande cha waya kilichopindwa?"

"Baba, hii ni chuma," akasema Kubat.

"Na dume ni nini, siagi?"

Wakaisimamisha springi chini, wakaweka ubao juu yake, Kubat akapanda ubaoni akawa anarukaruka, na kila akishuka mzee anakaza kamba kwa kijiti. Nusu ya asubuhi ilikwenda hapo. Kwa kweli ilipungua. Mzee alifurahi, akapiga ulimi. Wakainyanyua wawili, kamba inalia nyuzi kwa nyuzi, mkia wake unaburuta uani.

Zuura alikuwa anatoka kuwachukulia chai. Mkia wa kamba ulikuwa umekatiza njia yake. Akainua mguu akauruka.

"Loo!" akasema Uulkan. "Umeruka kamba ya mwanamume! Mkosi!"

Hapo hapo kamba ikateleza. Springi ikachomoka mikononi mwao, ikapita kando ya sikio la Kubat ikavuma, ikagonga samovari, birika letu kubwa la chai, iliyokuwa inachemka kando ya ukuta, ikaikunja kama kofia. Maji ya moto yakamwagika, kondoo akaruka hadi mwisho wa kamba yake. Kubat alijishika sikio kuona kama bado lipo.

Wa kwanza kusema alikuwa Toktosun. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Mwanamke karuka kamba!"

Zuura aliniambia kuwa hapo masikio yake yaliziba. Aliona midomo ya mzee inakwenda tu.

"Kamba imeachia kwa sababu ni nywele!" akasema, na safari hii hakupitisha kwa mtu. "Nywele za mkia! Nani amefunga chuma kwa mkia wa farasi? Mngeniua mume nami nibaki na majeneza mawili, moja nimechelewa, la pili nimeliona!"

"Nyamaza, Zuura," akasema Kubat.

"Na wewe! Springi imekaa chini ya benchi mpaka kuku kaifanya nyumba. Ulikuwa unasubiri vifaranga?"

"Nimesema nyamaza. Unafikiri mimi sina uchungu? Sikio langu hili!"

"Lingekuwa limekwenda lote. Hata hivyo hulitumii kunisikia mimi."

Mzee akaiokota kamba yake, akaikung'uta, akaivingirisha polepole, akaitundika mwenyewe kwenye msumari wa juu ambao hakuna mwanamke anayeufikia. Halafu akarudi. Tusimkosee, alirudi. Akasema na mwanawe kwamba iko njia nyingine, ya jeki.

Njia ya jeki ni hivi. Springi unaiweka mahali pake bila kuifinya, inasimama imepinda kidogo kama mlevi. Jeki unaiweka chini ya ule mkono wa chuma, unapiga. Mkono unapanda, unaifinya springi dhidi ya gari lenyewe. Uzito wa gari ndio unaofanya kazi. Basi mzee akapiga magoti kwenye jeki, chini kabisa, kichwa chini ya ukingo wa boneti, na Kubat akashika mtaimbo kukielekeza kifundo. Ikaenda vizuri, ikaenda, halafu badala ya springi kujikunja, gari lote likanyanyuka kutoka kwenye gogo.

"Shusha, shusha!"

Wakashusha. Wakapiga tena. Likanyanyuka tena. Springi ile ilikuwa na nguvu kuliko gari.

"Mbele panataka uzito," akasema Kubat.

Uzito ukatafutwa. Boneti ikatandikwa zulia la zamani la manyoya, yakapandishwa magunia ya unga, na viazi vilivyobaki vya baridi, na jiwe la kusagia, na tandiko la farasi. Bado. Wakaleta mawe ya ukuta, yakateleza yakaanguka upande wa mzee, akatukana mpaka ukoo wa mawe. Kubat akamtazama kondoo.

"Huyo ni wa baba yangu," akasema Zuura.

"Hatumli. Tunampima tu."

Wakamfunga miguu wakamlaza juu ya magunia. Kondoo alilia mara moja tu, kisha kwa woga akaachilia vyote alivyokuwa navyo, vikashuka kwenye tundu la taa hadi kwenye shingo ya Kubat. Wakati mwingine Zuura angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo alitazama jua. Lilikuwa limeshavuka paa la zizi.

Mzee akapiga jeki. Springi ikaguna, ikajikunja. Kifundo kikasogea juu, juu zaidi, kikafika chini ya tundu lake, pakabaki nafasi ya vidole viwili. Hapo gari likaanza kunyanyuka.

"Mtu mmoja tu," akasema Kubat, jasho na mavi ya kondoo vinamtiririka. "Mtu mmoja mwenye mwili."

"Nitakaa mimi," akasema Zuura.

Mzee akatoa kichwa chini ya boneti. "Mwambie mkeo hapana. Mkamwana hakai juu ya kichwa cha baba mkwe wake. Anipe mgongo, anitandazie na gauni kichwani? Sijafa bado."

"Basi baba atoke, mimi nikae," akasema Zuura.

"Na jeki apige nani? Kijana ana mikono minne?"

"Basi nikae mimi," akasema Uulkan taratibu. Mama huyu alikuwa na mwili, Mungu alimpa, farasi wa kwao walimjua.

"Wala wewe! Mnanifanya mimi zulia leo?" Mzee uso ulikuwa mwekundu. "Kubat atapanda malishoni kwa miguu, akaite vijana. Kesho kutwa watashuka, watakaa hata kumi, kazi itakwisha kwa heshima."

"Kesho kutwa," akasema Zuura.

"Arobaini haikimbii. Roho inaelewa."

Zuura aliniambia, "Bibi, aliposema roho inaelewa, niliona giza." Akavua viatu. Akaweka mguu kwenye bampa, akashika waipa, akapanda. Akamsukuma kondoo kwa nyonga, akaketi katikati ya boneti, miguu imening'inia mbele, gauni jeusi limemwagika mpaka kwenye kofia ya mzee.

Toktosun hakuamini. Alibaki amepiga magoti. "Mwambie mkeo ashuke."

"Zuura, shuka," akasema Kubat.

"Mwambie ashuke kabla sijamshusha!"

"Zuura, kwa jina la Mungu, mke wangu..."

Anasema alifungua kinywa amtukane baba mkwe wake. Tusi lilikuwa limeshafika kwenye meno, tusi la kumrudisha mwanamke kwao siku hiyohiyo. Lakini kilichotoka kilikuwa na sauti nyingine. Kikatoka kilio.

*Baba yangu mwamba wangu,*
*ulonipa jina langu,*
*siku waliyokuzika*
*hapakuwa chozi langu.*

Sasa hapa panataka kujua desturi yetu. Mwanamke anayemlilia marehemu kwa maneno hakatizwi. Hata awe anakusema wewe, hata akuseme vibaya, unainamisha kichwa unasikiliza mpaka amalize, kwa kuwa anayesikilizwa hapo ni maiti. Toktosun alijua hilo kuliko wote, yeye aliyewafukuza watu matangani kwa kupiga chafya wakati wa maombolezo. Mdomo wake ulikuwa wazi umejaa amri. Akaufunga. Akavuta kofia ikae sawa chini ya lile gauni, na kwa vile hakuruhusiwa kusema wala kumshika, mkono wake ukarudi kwenye mpini wa jeki. Hapakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Zuura akaendelea.

*Walikushusha shimoni,*
*nami nimo mlimani,*
*gari limelala chini,*
*mume ati, "Tufanyeni?"*

Kubat akainamisha uso kwenye mtaimbo.

*Mkweo alibakia*
*nyumbani akitulia,*
*ati goti laumia,*
*hakuja kukulilia!*

Na ni kweli. Siku ya mazishi ya Mambet mzee huyu hakuja, alisema goti. Watu walisema ni kwa sababu ya ugomvi wao wa zamani wa mbio za farasi, lakini yeye alisema goti. Na hapo alipo alikuwa amepiga goti lilelile, juu ya mawe, tangu saa za chai. Alipiga jeki mara moja. Akapiga tena. Springi ikaguna. Nafasi ilipungua ikawa ya kidole, ikagoma.

Maneno yalimtoka Zuura kama maji ya shimo lililozibuliwa. Alilia kuhusu ndama waliompokonya siku ya tatu ya baba yake. Alilia kuhusu kuku na mayai. Alimlilia baba yake jinsi alivyomfundisha kupanda farasi kabla ya kaka zake, akarudi tena kwa hasira kwenye springi, akawataja mmoja mmoja, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa amesimama mlangoni, unga umeshamkaukia mikononi. Na desturi ina upande wa pili: mwanamke akisikia mwenzake analia kwa maneno, hamwachi peke yake. Anakwenda anaketi naye, analia na wake.

Uulkan alitembea uani taratibu kama anakwenda kukamua. Akafika kwenye bampa.

"Sogea, mwanangu," akasema.

Mzee aliona kiatu cha mkewe kinapita karibu na pua yake. Bampa likalia, boneti ikabonyea, kondoo akabanwa baina ya mama mkwe na mkamwana. Uulkan akamkumbatia Zuura bega, wakatazama upande mmoja, naye akaanza. Sauti yake ilikuwa nzito, haijatumika siku nyingi.

*Mama yangu wa mbali wee,*
*sikuona kaburilo,*
*niliomba nipelekwe,*
*ndilo leo niombalo.*

Kubat hakuwahi kusikia habari hiyo. Mama yake alizaliwa mbali, huko magharibi, na bibi yake mzaa mama alikufa Uulkan akiwa mkamwana mpya. Hakupelekwa. Palikuwa na mavuno ya nyasi. Hata siku moja hakulisema, mpaka hapo, juu ya magunia ya unga.

Jeki ilinyamaza. Mzee alikuwa ameshika mpini, hapandishi hashushi. Uulkan akangoja, kisha bila kutoka kwenye wimbo, kwa sauti ileile ya msiba, akaimba:

*Piga jeki, mume wangu!*

Akapiga. Safari hii gari halikunyanyuka. Lilikaa pale pale chini ya wanawake wawili, na springi, haikuwa na pa kwenda, ikajikunja pete juu ya pete, inapiga kelele ya chuma. Kubat akaegemea mtaimbo kwa mwili mzima. Kifundo kikayumba, kikatafuta, kikalia *tok*, kikaingia.

"Imeingia!" akapiga kelele. "Baba, imei..."

Toktosun alimpiga kofi mguuni anyamaze. Wanawake walikuwa bado wanalia. Kubat akakaza nati kimyakimya, meno yameuma ulimi, na hakuna aliyethubutu kufurahi. Walibaki wanaume wawili chini na wanawake wawili na kondoo juu, mpaka Zuura alipofika mwisho wa maneno yake na kufuta uso kwa ncha ya kitambaa.

Akashuka. Akavaa viatu.

"Gurudumu," akasema.

Hilo tu. Gurudumu lilifungwa upesi kuliko siku zote. Gari lilipotua chini lilikuwa limenyanyua bega la kushoto kama mtu anayebishana, maana springi ya upande wa pili ni ile ya zamani. Zuura akafungua mlango wa mbele akakaa kando ya dereva. Kwa desturi kiti kile ni cha baba mkwe. Toktosun alisimama kidogo, mkono kwenye goti. Kisha akazunguka nyuma, akapanda na mkewe, kondoo akiwa miguuni mwao, maandazi mapajani. Juu mlimani Kubat alisema, "Inakaza vizuri, kona zile..." Kisha akaimeza.

Kwetu walifika jua likiwa bado juu ya miti ya mipopla. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, tumekaa tumeelekea ukutani, mama yake Zuura katikati. Tulisikia gari. Mama yake hakugeuka, ila mkono wake ulinikamata hapa mkononi, alama ikabaki.

Zuura aliingia akakaa tulipomwachia nafasi. Nilishtuka aliposema neno la kwanza, sauti ilikuwa imekwaruzika kabisa. Nikadhani ni baridi ya mlimani, sikujua wakati ule. Lakini aliimba. Safari hii hakuwemo mume, wala goti la mtu, wala chuma. Alimwimba Mambet: mkono wake uliokosa kidole kimoja, namna alivyokuwa akiwasemesha farasi kama wakwe zake, namna alivyokuwa akitia chumvi chai ya watu wote bila kuuliza. Watu waliokuwa wanaingia walisimama mlangoni. Mwanamume mmoja wa mbali, ambaye hakuwahi kumjua marehemu, alitoka nje akilia kama aliyempoteza ndugu. Ndivyo inavyotakiwa.

Katikati ya kilio tukasikia sauti nyingine nje. Mwanamume mzee, anatoka mbali barabarani, anakuja kwa miguu huku anachechemea, anapaza sauti kama wanavyofanya wanaume wetu wakikaribia nyumba ya msiba: "Mkwe wangu wee! Ndugu yangu wee! Nimechelewa wee!" Alikuwa Toktosun. Alishuka garini kabla ya daraja ili afike kwa heshima. Alilia hadi ukutani kwa nje, pale pale tulipoelekea, tukawa tumetenganishwa naye na udongo tu.

"Ulimsikia?" nilimuuliza Zuura, tambi zimeshakuwa lundo.

"Nilimsikia."

"Ukafanyaje?"

"Niliendelea. Sikumlilia yeye, nilimlilia baba."

Jioni watu walipokula na kutawanyika mpaka kesho yake, Kubat alimngoja kando ya kisima. Alikuwa amebadilisha shati. Akamwambia, "Zuura, nimekufikisha, ama sivyo?"

"Umenifikisha leo. Ile siku ya mazishi hutanifikisha tena, wala hakuna springi yake."

"Nifanye nini basi?"

"Kesho chakula kikiisha mchukue baba na mama mrudi. Mimi nabaki kwa mama."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nina hasira, Kubat. Siwezi kukaa nazo nyumbani kwako nikikuokotea mayai."

"Nije kukuchukua?"

"Njoo. Ukija na gari likafika, tutaongea. Usipofika, nitajua."

Aliingia ndani akasaidia kuosha bakuli.

Usiku huo Toktosun alilala wa kwanza, karibu na jiko, goti limefungwa majani ya moto na yule mjane wa mtu ambaye hakumzika. Uulkan alilala kwangu, kwa sababu kwa Mambet palijaa, na kabla ya kulala aliniomba kioo, akajitazama, akanirudishia. Kubat alikataa godoro, akasema atalala garini alinde magurudumu.

Zuura alilazwa kando ya mama yake kwenye tandiko moja. Mama akawa anamuuliza habari ndogondogo, maziwa, ng'ombe, samovari ipi wanatumia, na Zuura akijibu kwa ile sauti iliyobaki, mpaka maswali yakaanza kukosa mwisho na mama akalala amemshika mkono. Zuura akabaki macho. Alisema alikuwa na hasira hata na blanketi. Alizipitia zote, moja baada ya nyingine, ya mlimani, ya lori, ya kamba, ya roho inaelewa, na hakuiona hata moja iliyopungua. Alikuwa anaanza kuzipitia upya, ya mlimani, ya lori, alipopitiwa na usingizi.